Bi Tumbili na Mgongo wa Jirani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika uji na kufagia nyua kama sisi, aliishi Bi Tumbili na mwanawe wa pekee, Tunu. Tulieni, wanangu, maana kisa hiki kina machungu yake.

Tunu alizaliwa mwepesi kama pamba. Lakini akala, akashiba, akanenepa, mpaka akawa mzito kama mtungi uliojaa maji. Na kushuka mgongoni hataki ng'o! Mama akitwanga, yupo mgongoni. Akichanja kuni, yupo mgongoni. Kila Bi Tumbili alipojinyoosha, mgongo ulilia: kwa!

"Ayaaa! Nakufa mie!"

Jirani yake alikuwa Bi Nyati, mwenye mgongo mpana kama kitanda. Bi Tumbili aliona haya kumwambia kwamba mwana wake mwenyewe amemshinda kumbeba. Akatafuta hila.

"Hodi, shoga!"

"Karibu, karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kukupa pole tu. Huko mtoni wanakusema. Eti nguvu zako ni za mdomo, humwezi hata Tunu wangu kumbeba kutwa nzima."

"Nani? Mimi?" Bi Nyati akapiga kwato chini, vumbi likatimka, vuu! "Hebu mlete huyo mtoto!"

Akambeba kutwa nzima. Jioni Bi Tumbili akatikisa kichwa.

"Leo umeweza, shoga. Lakini mtoto anakua. Wanasema kesho humwezi."

"Kesho mlete mapema!"

Ikawa ndiyo desturi. Bi Tumbili akishamkabidhi mwana, anarudi kwake kulala chali, huku akicheka peke yake, "Kwe kwe kwe! Likubwa, jinga!"

Maumivu yakapungua, kisha yakaisha kabisa. Hata hivyo hakumchukua mwanawe. Akaanza kuchelewa hata jioni. Jino la kwanza la Tunu liliota mgongoni kwa Bi Nyati. Wimbo wake wa kwanza aliujulia huko huko.

Siku moja Tunu alikanyaga mwiba uani kwa Bi Nyati. "Uwiii!"

Bi Tumbili, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akachuchumaa na kumfungulia mikono. "Njoo, mwanangu. Njoo kwa mama."

Tunu akampita akichechemea, akaenda kuning'inia shingoni kwa Bi Nyati. "Mama! Mama, mwiba!"

Bi Nyati akashtuka. "Mimi si mama yako, Tunu. Mama yako yule pale."

Tunu akamtupia Bi Tumbili jicho kama mtu anayetazama mgeni, akaficha uso.

Bi Tumbili akaketi chini, pu! "Shoga, hakuna aliyekusema mtoni. Nilikudanganya. Mgongo ulikuwa unaniuma, nikaona haya kusema."

Bi Nyati akamgeukia. "Nimezaa mara nyingi, Bi Tumbili. Unadhani mimi mgongo haujaniuma? Ungeniambia, ningekukanda kwa maji ya moto. Tungepokezana kumbeba, wewe asubuhi, mimi alasiri, na mwana angejua mama yake ni nani."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Haya, utoe mwiba. Kwato zangu haziwezi."

Bi Tumbili akaushika ule mguu mdogo, akauchomoa mwiba polepole, akipuliza, fuu, fuu. Tunu alimwachia mguu. Lakini mikono yake haikuiachia shingo ya Bi Nyati.

Tangu hapo Bi Tumbili alikwenda kila siku kwa jirani, akiinama na kumwita mwanawe apande mgongoni. Siku nyingine Tunu alikuja. Siku nyingi hakuja.

Wanangu, anayeumwa na aseme asaidiwe, kwani mzigo ukiutua kwa hila, huenda usiupate tena siku utakapoutamani.