Zimwi Lisilo na Miguu

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mji, na mji una milango.

Na milango?

Ikafungwa!

Wewe Sudi, acha kuchokora moto. Hii si ngano ya kucheka.

Basi, hapo kale lilizuka zimwi lisilo na miguu. Lilitembea kwa migongo ya watu. Likishampanda mtu, mwenyewe hana habari: anachota maji, anasalimia, anacheka. Lakini akibisha hodi, na mwenye nyumba akijibu "Karibu," zimwi hudondoka ndani. Kwanza chafya, kisha homa, kisha kaburi.

Watu wakafa nchi jirani, mfalme akasema, "Huko ni mbali." Watu wakafa ng'ambo ya mto, akasema, "Huko ni mbali." Alipokufa mpishi wake, ndipo akaamka.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mpiga mbiu akapita: "Siku arobaini! Hodi isijibiwe! Mkono usishikwe! Maiti azikwe na watu wanne, na matanga yasiwekwe!"

Watu wakanung'unika. Msiba bila matanga? Kwani sisi wanyama?

Katika mji huo alikaa mjane, jina lake Mize. Alikuwa na binti mmoja, Tunu, aliyempata baada ya kuzika watoto wawili. Mize akatia komeo mlangoni, akaapa hatajibu hodi ya mtu.

Siku moja, hodi! Jirani anaomba moto. Mize akanyamaza.

Siku ya pili, hodi! Wifi yake ameleta muhogo. Mize akanyamaza, wifi akaenda zake akisonya.

Siku ya tatu, hodi! Sauti ya mama yake mzazi, Bi Chausiku.

"Mize mwanangu, ni mimi. Nimetoka kumzika mama yako mdogo. Miguu imekwisha."

Mize akanyamaza, machozi yanamtoka.

"Mimi niliyekuzaa, leo nikae juani kama mbwa?"

"Mama, ni bibi," Tunu akanong'ona.

Jamani, nani amfungie mamaye mlango? Ulimi ukamponyoka: "Karibu, mama."

Kumbe matanga yaliwekwa kwa siri. Bi Chausiku aliona haya kumzika mdogo wake kimyakimya, akapokea mkono wa pole wa kila aliyekuja. Tunu akamrukia bibi yake mapajani, akakumbatiwa.

Tunu akapiga chafya. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Siku ya nne akafa. Bibi alikohoa tu, akapona. Mazimwi hayana haki, wanangu.

Watu wanne wakambeba Tunu. Majirani wakasimama mbali, mikono vifuani: "Pole, Mize. Pole sana." Mize alitamani mkono mmoja tu wa kushika, asiupate.

Kesho yake akasimama njiani. Kila aliyepita, akamwambia kwa mbali, "Mimi ni Mize. Nilijibu hodi ya mama yangu, nikamzika mwanangu. Rudi nyumbani."

Na hao walionung'unika wakarudi. Basi zimwi likapelekwa mlango huu, kimya. Mlango ule, kimya. Mlango wa tatu, kimya. Njaa ikalikausha, na siku ya arobaini likaokotwa kando ya njia, dogo kama chura. Mfalme akalichoma, mbiu ikalia, watu wakamiminika nje wakikumbatiana.

Mize hakutoka. Mama yake alikuwa jikoni, chakula hakimpiti kooni tangu msiba.

"Mwanangu, unanichukia?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niende zangu?"

"Uende wapi? Nimebaki na nani mwingine? Sogea, ule."

Wakala sahani moja, wakilia, wala hawakuimaliza.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayekupenda anaweza kukuletea kifo bila kujua. Nawe siku ya maradhi ukifungiwa mlango, usinune. Umependwa.