Mtama Mlangoni kwa Fisi

Sogeeni karibu, na anayetaka kubisha angoje nimalize, maana mimi sipendi kukatizwa.

Ulikuwa mwaka wa tatu bila mvua katika Bonde la Mtitu. Mto ulibaki mchanga mtupu. Wanyama walikuwa wamebakiwa na vibuyu saba tu vya mbegu za mtama. Vikipotea hivyo, hakuna kupanda tena. Ni kuhama au kufa.

Simba, mfalme wao, aliitisha mkutano. Alipanda juu ya jiwe, akatengeneza kwanza manyoya ya shingo, ndipo akauliza mbegu ziwekwe wapi.

"Shimoni kwangu, kando ya mto," alisema Fisi upesi. "Ni pakavu, na mlinzi ni mimi."

Wenzake walikohoa. Tumbo la Fisi walilijua vizuri sana.

"Na mvua ikija, mzee?" aliuliza Sungura.

"Mvua ipi? Umeota?"

"Ardhi imekuwa ngumu kama kigae. Mvua ikinyesha haitanyweka, itateremka yote kwa mkupuo. Tukijiandaa kwa ukame peke yake, mafuriko yatatukuta tumekaa. Mbegu zitundikwe kilimani, jikoni kwa Bibi Kobe, juu ya meko, moshi uzikinge na wadudu. Nasi tuchimbe mitaro mlimani. Mvua ikiwa haba, mitaro itatutunzia maji. Ikizidi, itayapunguza kasi."

"Ndivyo nilivyotaka kusema mimi," alisema Simba, ambaye hakuwa ametaka kusema lolote. Kisha akamgeukia Bibi Kobe. "Mbegu zikipotea mikononi mwako, utahama bonde hili."

Bibi Kobe alivipokea vibuyu, akaenda kuvitundika juu ya meko yake.

Siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuchimba mitaro, kijiji kizima kilipanda mlimani na majembe, hata Bibi Kobe na kijembe chake. Fisi peke yake alibaki, amejifunga kitambaa mguuni.

"Mguu umeteguka," alisema kwa huzuni. Wakampa pole, wakaenda.

Walipopotea tu machoni, mguu ukapona. Fisi aliingia jikoni kwa Bibi Kobe, akamimina mbegu zote kwenye gunia, akajaza vibuyu mchanga, akavifunga na kuvitundika kama vilivyokuwa. Alitafuna konzi mbili tatu njiani, gunia akalifukia mbele ya mlango wake.

Wiki mbili baadaye mvua ikaja, na ilikuja kwa hasira. Mitaro ilijaa, ikayatuliza maji, na nyumba za kilimani zikasalimika. Ila mto ulifurika, ukaingia shimoni kwa Fisi, akatoka anaogelea. Unajua alikimbilia wapi? Jikoni kwa Bibi Kobe. Akaota moto wake siku nne na kunywa uji wake, bila haya hata kidogo.

Mvua ilipokatika, Fisi akarudi kwake, na siku ya kupanda ikafika. Bibi Kobe akafungua kibuyu cha kwanza. Mchanga. Cha pili, mchanga. Vyote saba.

"Funga mizigo, bibi," alisema Simba.

"Niende wapi, mwanangu, na miguu hii?" Bibi Kobe alilia, na waliokuwepo wakainamisha macho.

Sungura aliomba apewe siku moja tu. Akateremka mtoni akichunguza huku na huku, mpaka akafika kwa Fisi. Hapo akasimama. Mbele ya mlango miche ya mtama ilikuwa imejazana kama nywele. Akarudi mbio kuwaita wenzake, na kijiji kizima kikashuka.

"Hongera, mzee," alisema Sungura. "Shamba limestawi. Ni lako?"

Fisi aliitazama ile miche, mate yakamtoka. "Langu. Mbegu za marehemu bibi yangu, nilizipanda mwenyewe."

"Bibi alizihifadhi jikoni?"

"Jiko gani? Bibi yangu alikula vibichi maisha yake yote."

Bibi Kobe alisogea polepole, akang'oa mche mmoja. Chini yake ganda la mbegu lilikuwa bado limeshika, jeusi kwa masizi. Akalinusa.

"Huu ni moshi wa kwangu," alisema.

Simba naye alimwomba Bibi Kobe radhi mbele ya watu, jambo lililomuuma kuliko mwiba.

Miche iling'olewa taratibu, ikahamishiwa mashambani, na mwaka huo walivuna. Tangu hapo mbegu za kijiji hutundikwa katika majiko matatu. Wote wameshajua kwamba jua na mvua vinaweza kuja kwa zamu, na mwizi katikati yao. Fisi alikuwa amejipangia jua tu.

Na sasa ndiye anayepuliza moto katika majiko yote matatu, kila asubuhi, machozi yakimchuruzika. Siku moja alianza kuchechemea.

"Mguu umeteguka tena," alisema.

"Pole, mwanangu," alimjibu Bibi Kobe. "Kaa chini upulize. Moto haupulizwi kwa mguu."