Boksi la Vichupa Thelathini

Binti Ratiba alikuwa amefika mstari wa nne wa hesabu zake ubaoni, chaki ikimvunjikavunjika mkononi, mwenyekiti alipoinua kidole.

"Samahani, mwanangu. Ulisimama wapi?"

Chaki ikasita. Wanachama kumi na wawili, katika chumba hicho kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ofisi, waliacha kuandika. Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza ambalo Chama cha Wataalamu wa Utafiti wa Uendeshaji kilimuuliza kila aliyeleta andiko. Kazi ya watu hao ni kutumia hesabu ili shughuli za wengine ziende vizuri: foleni zipungue, magari yapite njia zinazofaa, dawa zisiishe ghalani. Lakini walikuwa na desturi yao. Hesabu haikusikilizwa mpaka mwenyewe aseme alisimama wapi kuitazama kazi, na kwa muda gani.

"Sikusimama, mama. Nina kumbukumbu za safari elfu nne."

"Kumbukumbu hazina macho," alisema mzee mmoja mnene waliyemwita Bwana Desimali. "Mimi niliwahi kupanga foleni ya benki bila kuingia benki. Nikawapanga watu mpaka mlangoni. Kumbe mlango unafungukia ndani!"

Wakacheka wote, naye akawashinda kwa kicheko.

Binti Ratiba hakucheka. Alikuwa mpangaji wa ratiba katika kampuni ya mabasi, hana shahada. Yote aliyoyajua aliyasoma mwenyewe katika vitabu vya chama hicho, kila Jumamosi kwa miaka mitatu. Andiko hilo ndilo lingemfanya mwanachama. Tena halikuwa la mzaha. Zahanati ya mlimani ilichukua damu za watoto wachanga na kuzipeleka kwa pikipiki hadi maabara ya hospitali kuu. Saa ya kutolewa damu iliandikwa kwenye kichupa, na saa ya kupokelewa iliandikwa maabara. Kati ya hizo mbili zilipotea saa tano, na damu nyingi ilifika imeharibika. Binti Ratiba alikata shauri kwamba barabara ya mlimani ndiyo yenye makosa. Akapendekeza dirisha la kupokelea damu kule mlimani lifungwe, na akina mama wateremke wenyewe na watoto wao hadi hospitali kuu.

Mganga mkuu wa hospitali hiyo alikuwapo kama mgeni. "Alhamisi lazima niamue," alisema, "na karatasi niliyo nayo ni hii tu."

Mwenyekiti, aliyeitwa Mama Reli kwa kuwa alipanga safari za treni miaka thelathini, alifungua kabati la chuma na kutoa karatasi iliyokunjamana.

"Humu tunaweka maandiko yaliyorudishwa. Hili ni langu. Niliona mabehewa sita yamesimama kwenye orodha, nikaandika yauzwe kama vyuma chakavu. Kumbe mafundi walikuwa wanaishi humo, na mapazia wametundika." Akamrudishia Binti Ratiba karatasi zake kwa mikono miwili. "Kurudishwa si kukataliwa, mwanangu. Nenda kasimame."

Alishuka ngazi amefura kama andazi. Miaka mitatu ya kusoma, kisha aulizwe habari za miguu!

Hata hivyo, Jumatatu asubuhi alikuwa mlimani. Aliketi kwenye benchi la akina mama, daftari magotini. Mpaka saa nne hakuona cha ajabu. Mtoto alilia, kichupa kikapita dirishani, mama akaondoka. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa kivulini, na dereva wake alikuwa akifuta kioo kilichokuwa kinang'aa tayari.

"Dada, utaota mizizi hapo," mhudumu wa dirisha alimwambia. "Unahesabu nini?"

"Vichupa vinavyopita."

"Vinavyopita unaviona. Vinavyokaa je? Zunguka mlango wa nyuma uje huku. Ila pamebana, itabidi uchuchumae."

Akachuchumaa. Chini ya meza palikuwa na boksi la baridi lenye matundu thelathini. Vichupa vilikuwa saba.

"Mbona haliondoki?"

"Halijajaa."

"Linajaa saa ngapi?"

"Siku njema, saa tisa. Siku mbaya, muulize huyo."

Dereva alichungulia mlangoni. "Mimi niliambiwa nisitoke na boksi pungufu, eti nabeba hewa. Ni agizo la zamani, kabla zahanati ya bondeni haijafunguliwa na kuchukua nusu ya watu. Njia yenyewe dakika arobaini, na hapo nimeshasimama kunywa maji."

Uso wa Binti Ratiba uliwaka moto. Saa alizoitwika barabara zilikuwa za boksi. Hesabu yake ilikuwa sahihi mstari kwa mstari, na ingewateremsha akina mama wote wale mlimani kwa sababu ya matundu matupu. Alibaki pale akiandika saa ya kila kichupa, magoti yakimlilia. Saa sita barafu ya boksi ilikuwa imeyeyuka. Saa tisa na robo pikipiki ikaondoka.

Jumatano, chama kilipokutana tena, hakungoja kuulizwa.

"Nilisimama mlimani," alisema. "Kwa kweli nilichuchumaa. Barabara haina kosa. Kosa ni langu."

Akaeleza alichokiona, kisha akafuta pendekezo lake kwa mkono wake. Hakuna aliyecheka. Mganga mkuu alivua miwani.

"Agizo la boksi lijae nililitia sahihi mimi," alisema taratibu. "Miaka tisa iliyopita. Dirisha halifungwi. Sasa niambieni, pikipiki itoke saa ngapi?"

Chumba kizima kikasimama. Pikipiki ilikuwa moja, nayo ilihudumia bondeni pia. Ikitoka mapema mno ingezunguka bure. Ikichelewa, barafu ingeyeyuka. Waligawana ubao kama ndugu wanaogawana shamba, mwenye rula na mwenye kikokotoo, wote wakimwita Binti Ratiba awape saa za vichupa vyake. Hadi saa kumi na mbili jioni, kati ya safari tatu walizozipanga kwa siku, mbili zilikuwa zimekubali kwenye hesabu. Ya tatu, ya kupitia bondeni, ilikataa katakata.

"Bondeni amesimama nani?" akauliza Mama Reli.

"Kesho naenda mimi," alisema Bwana Desimali, "na kitambi changu chote. Nitainama hata kama mtanikuta nimekwama."

Mama Reli akaandika kwenye orodha ya kesho, bila kuinua kichwa: Desimali, bondeni. Chini yake: Binti Ratiba, mwanachama, mlimani. Ubao hawakuufuta. Safari ya tatu waliizungushia duara, wakazima taa. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.