Kibodi Iliyobaki Nyumbani

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi ya kuandika historia za marehemu. Aliitwa Subilaga, katibu wa mtaa wa kanisa huko milimani, na kwa miaka kumi na minne hakuna aliyezikwa pale bila karatasi yake kusomwa. Mnajua wenyewe uzito wa karatasi hiyo. Marehemu alizaliwa lini, alisoma wapi, aliugua nini. Kisha ameacha watoto wangapi, na kila mtoto anaitwa kwa jina aje aweke shada la maua. Anayeitwa ni mtoto. Asiyeitwa, hata awe na pua ya marehemu, watu watamuuliza maisha yake yote alikuwa nani pale.

Daftari lake lilipolowa mvua msibani, wazee wa kanisa wakasema anunuliwe kifaa, achague mwenyewe. Muuzaji wa mjini alimwekea vitatu mezani. Cha kwanza kishikwambi: chepesi, unakipakata mkekani na mfiwa anakuona uso, lakini kuandika kurasa tatu kwa kidole, jamani, ni adhabu. Cha pili kompyuta mpakato: vidole vinakimbia, kazi inaisha, ila ukiifunua, mfuniko wake unasimama kati yako na mfiwa, mkawa kama karani na mshtakiwa. Cha tatu kilikuwa vyote viwili. Kioo unakichomoa kwenye kibodi ukakishika mkononi, na ukitaka kuandika unakirudishia. Muuzaji alimuuliza kazi yake hasa ni ipi, kusikiliza au kuandika. Akajibu ni zote mbili, akachukua cha tatu. Wala hakusema uongo.

Msiba wa kwanza alikwenda nacho kizima. Vitufe vikalia katikati ya maombolezo, akina mama wakaguna, na mmoja akauliza kwa sauti kama hapa ni msibani au ofisini. Subilaga aliona aibu sana. Tangu siku hiyo kibodi akaiacha nyumbani. Mkekani alikwenda na kioo peke yake, akadonoa maneno mawili matatu, na mengine akajiambia atayaandika vizuri akirudi kwenye vitufe. Wafiwa wakamsifu kwa upole wake. Wazee wakasifu karatasi zake, maana zilinyooka. Alipendwa kote kote, naye akanogewa.

Ndipo akafa Mzee Ambakisye, mwenye shamba la chai, aliyejulikana kuwa na watoto sita. Alasiri mdogo wa marehemu alimleta mwanamke wa miaka kama thelathini, akamkalisha kando ya Subilaga. Akasema huyu ni Tusekile, mtoto wa kaka, alizaliwa kabla ya ndoa, na kaka mwenyewe aliagiza atajwe. Tusekile alikuwa amesafiri siku nzima kwa jambo hilo moja. Mjane alikaa hatua tatu kutoka pale, macho yake kwenye kile kioo. Subilaga alimshika Tusekile mkono, akampa pole, na pole hiyo ilitoka moyoni kabisa. Lakini hakuandika. Akajiambia jina lile ataliandika nyumbani.

Nyumbani vidole vilikimbia. Aliandika kilichokuwa kwenye kioo, na kwenye kioo kulikuwa na watoto sita. Akasoma mara mbili, hakuona kosa. Mtasema ni uchovu. Haya, na uwe uchovu. Lakini angekuwa na kishikwambi tu, angeandika palepale kwa tabu yake, mjane akitazama, kwa sababu asingekuwa na mahali pengine pa kuandikia. Kifaa hakikumkosea. Kilimpa tu pa kuahirishia.

Kesho yake makaburini, kaburi lilipokwisha kufukiwa, waliitwa sita, wakaweka mashada sita. Tusekile alisimama na shada lake, akisubiri. Karatasi ikakunjwa, sala ya mwisho ikaanza. Alilisubiri jina lake hadi sala ikaisha, kisha akamwendea Subilaga, akasema bila kupaza sauti:

"Mama katibu, jana ulinishika mkono. Mbona hukuniandika?"

Subilaga aliikunjua karatasi, akatafuta humo jina alilojua halimo. Alipoinua macho, Tusekile alikuwa ameliweka shada ukingoni mwa njia, anashuka mlima. Hapo Subilaga akaliita jina lile kwa sauti kubwa, bila karatasi, mbele ya mjane na watu wote. Aliliita mara tatu. Tusekile hakugeuka.

Ndugu, wewe unayewashika watu mkono kwa upole namna hiyo, ile nusu yako ya kutenda umeiacha wapi leo?