Jina la Ndani ya Kofia

Hapo zamani, na zamani yangu mimi haiko mbali, maana nyumba yenyewe bado ipo Magomeni na mlango wake hadi leo unakwama mvua ikinyesha, palikuwa na msichana jina lake Salha. Aliishi na mdogo wake Kombo, pamoja na shangazi yao Bi Mize, aliyevuka kutoka Pemba baada ya kufiwa na mumewe.

Salha alizaliwa Dar es Salaam, na hilo ndilo lililomtesa. Alivaa baibui juu na raba nyekundu chini, na kilemba akakifunga vile alivyofundishwa na shangazi yake. Wenzake mtaani wakamwita Mpemba wa raba. Akienda Pemba sikukuu, binamu zake wakamwita mtu wa bara. Huku si wa huku, kule si wa kule. Alicheka nao, lakini moyoni ilimuuma, tena ilimuuma sana.

Sasa, Bi Mize alikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku mlikuwa na kofia ambayo haikuwa kofia. Kofia ya mkono mnajua inavyoshonwa. Kuna duara la juu, kuna ukanda wa kuzunguka kichwa, na kila kimoja hushonwa peke yake, kitundu kwa kitundu, kila kitundu kikizungushiwa uzi. Duara lilikuwa tayari. Mumewe, marehemu Faki, alilichora mwenyewe, shada la karafuu na majani yake, na Bi Mize akalishona miezi minne. Kabla ukanda haujaanzwa, Faki akafariki. Bi Mize akalikunja duara, akalitia sandukuni pamoja na punje za karafuu, akafunga. Miaka tisa ikapita. Duara lilikuwa zuri, lakini haikuwa kofia bado.

Siku moja Salha akatumwa kanga sandukuni, akaliona lile duara, akalichukua. Hakuomba. Mnaniuliza kwa nini hakuomba? Kwa sababu jibu alilijua.

Alishona kazini, kwenye kaunta ya duka la dawa. Mgonjwa akiingia, kazi inakwenda chini ya daftari. Mgonjwa akitoka, kazi inarudi mapajani. Ila kwenye ukanda achore nini? Mikarafuu aliijua ya sikukuu tu. Akainua macho akatazama ng'ambo ya barabara, akaona madirisha. Nyumba za mtaa ule zina vyuma madirishani, na kila fundi wa kuchomelea alikunja chuma kwa ufundi wake: huyu mawimbi, huyu moyo, huyu jua lililochomoza nusu. Salha akachora majua ya madirishani, nusu kwa nusu, kuzunguka ukanda mzima. Miezi mitano akashona. Akaunga ukanda na duara, karafuu juu, mtaa chini. Ilipendeza, wallahi ilipendeza, lakini haikuwa kofia bado, maana kofia isiyo na kichwa ni kitambaa tu.

Kombo akaiona mkobani mwa dada yake, naye akaichukua bila kuomba. Malezi mamoja hayo! Kombo aliuza jinzi za mitumba Kariakoo. Akaivaa na jaketi la jinzi lililokatwa mikono, akaisukuma nyuma kidogo, upande wa kushoto. Siku ya kwanza wakampigia kelele, "Ustadhi wa jinzi!" Mzee mmoja akamsimamisha akamuuliza, "Kijana, umepoteza kanzu au umepoteza adabu?" Kombo hakuivua. Wiki ya pili vicheko vikapungua. Wiki ya nne vijana wakawa wanamshika bega, "Kaka, kofia ya Kombo inapatikana wapi?" Hapo sasa ikawa kofia.

Habari zikamfika Bwana Badi, muuza kofia. Ijumaa moja mchana akaongozana na Kombo mpaka nyumbani. Bi Mize alikuwa barazani anachambua mchele, Salha kando yake. Bi Mize akainua uso kuitikia salamu, akaona kilichopo kichwani mwa Kombo. Ungo ukamtoka mikononi.

Hakupiga kelele. Aliivua taratibu kichwani mwa kijana, akainusa.

"Nani?"

Salha alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ni mimi, Shangazi. Nisamehe."

"Na haya ya pembeni ni nini?"

"Madirisha. Ya hapa mtaani."

Bi Mize akapitisha kidole juu ya ukanda, polepole, mpaka ukamalizika.

"Kazi yako safi, mwanangu. Na wizi wako ni wizi."

Bwana Badi akakohoa, maana alikuja kwa jambo lake. "Bi mkubwa, kofia nimeuza miaka thelathini, sijaona mshono huu. Nataka ushonwe hapa, ushonwe Tanga, ushonwe Unguja. Lakini kila mshono una jina, nalo hutiwa ndani, ukingoni. Jina moja. Mkinipa matatu, watu hawatashika hata moja."

Kombo akadakia. "Jina si lipo? Kariakoo nzima wanaiita kofia ya Kombo. Matusi niliyala mimi, si nyinyi. Sandukuni haikuwa kitu, mkobani haikuwa kitu. Kichwani kwangu ndipo ilipopata watu."

Bi Mize akasema, "Langu mimi silitaki. Nataka la Faki. Yeye ndiye aliyechora, na sikumzalia. Hakuna mtoto popote atakayeitwa bin Faki. Nikifa mimi, nani atalitaja jina lake?"

"Shangazi," Kombo akasema, "asiyekuwepo na lake halipo."

"Lake ulikuwa umelivaa wewe sasa hivi."

Kombo akainama, akaanza kuokota mchele.

Salha alitaka kunyamaza. Adabu ilimwambia anyamaze. Lakini maneno yalikuwa yamemjaa. "Shangazi, nimekosa, sikuomba. Lakini lile duara lilikaa gizani miaka tisa, na lingekaa mengine tisa. Mimi tangu nizaliwe naambiwa si wa huku wala si wa kule. Kwenye kofia hii ni wa huku na ni wa kule, na sasa hakuna anayecheka. Sina kitu kingine kinachosema hivyo. Nataka jina langu likae mle." Akalia mbele ya mgeni, wala hakujificha uso.

Adhana ya alasiri ikasikika. Bwana Badi akainuka. "Naenda kuswali. Nikirudi niikute ina jina, kama sivyo nitajua hamkukubaliana, nami nitajiendea zangu."

Alipoondoka, Bi Mize akachomoa sindano pembeni mwa mkeka, akatunga uzi mweupe. Mara ya tatu ndipo ulipoingia. Akaigeuza kofia ndani nje, akamwekea Salha mapajani.

"Tia wewe," alisema. "Jina lolote utakalolitia, mimi sitalifumua. Wala sitakununia."

"Shangazi, usinipe mimi."

"Nimekwishakupa."

Kombo aliacha mchele. Bi Mize aligeuza uso akatazama barabarani, asije akaonekana anachungulia. Salha akaishika sindano, na kwa mkono ule uliotoboa vitundu mamia bila kukosea akaichomeka ukingoni.

Basi, jamaa zangu, mimi naishia hapa, nanyi msininunie. Aliyechora ameshakufa. Aliyeshona duara la juu alilificha. Aliyeshona chini aliiba. Aliyevaa aliiba kilichoibwa, akakipa watu. Sindano imeshaingia kitambaani, na kule msikitini Bwana Badi anatafuta viatu vyake. Je, nani alistahili jina lile? Na wewe unayejibu haraka hivyo, ungekuwa Salha, shangazi yako kakupa mgongo, ungetia lipi?