Kasuku Mwenye Sauti ya Mama

Sogeeni, wenzangu, mkekani pana nafasi, na ngano yangu si ndefu.

Palikuwa na zimwi lililommeza mama wa mabinti wawili, Saumu na mdogo wake Mishi. Zimwi lilipouawa, nyumbani kwake mabinti walimkuta kasuku tunduni, kajinyonyoa manyoya kwa hofu. Wakamchukua.

Kila siku Mishi aliketi karibu na tundu, kimya, karanga kiganjani. Siku moja kasuku akala mkononi mwake, kisha akasema kwa sauti ileile ya marehemu mama yao, aliyoisikia kwa zimwi ikiwaita wanawe: "Mishi, mwanangu!"

Wivu ukamkaba Saumu. Kwani kifungua mimba si yeye? Kila Mishi alipoitwa, yeye aliwashwa kama aliyemwagiwa upupu. Akapeleka ndizi, kasuku akampa mgongo. Akapeleka tende, kasuku akamdonoa. Mara ya tatu akamkamata kwa nguvu: "Niite na mimi!" Kasuku akanguruma kwa sauti ya zimwi, Saumu akaanguka chini akilia.

"Dada," Mishi akasema, "bila shaka hata zimwi lilimshika kasuku hivyohivyo."

Saumu akaona haya. Akaacha mlango wa tundu wazi, akaketi mbali, mikono mitupu. Siku ya kwanza kasuku hakutoka. Siku ya pili akachungulia. Siku ya tatu akaruka, akatua begani mwake.

"Saumu," ikasema sauti ya mama, "umekula?"

"Bado, mama."

Mishi akapakua. Nami niliwaacha hapo, wote watatu wakila.