Kibuyu na Shingo ya Mugie

"Damu ikorogwayo haigandi." Koko Noolari aliyasema maneno hayo wakati wa chai, na wajukuu wake wakataka kujua yalikotoka. Mmoja wao, Timanoi, alikuwa amekosewa na dadake, akaombwa radhi na akakubali, lakini kila siku alilirudia jambo lile upya. Bibi yao aliweka kikombe chini. Methali hii, alisema, ilianza hivi.

Ukame ulimwachia mfugaji mmoja, Parmuat, maksai mmoja tu, Mugie. Mwaka huohuo mkewe, Resiato, alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alikuwa mzima, lakini mama alipoteza damu nyingi, hata kuketi hakuweza. Desturi ya wafugaji wale ilikuwa kumpa mzazi damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa. Maksai hachinjwi. Hukazwa ukanda shingoni, mshipa ukavimba, ukatobolewa kwa mshale wa ncha fupi, na damu ikakingwa kwenye kibuyu. Kisha ukanda hulegezwa na tundu likabandikwa samadi. Damu ya kibuyuni hukorogwa kwa kijiti bila kupumzika, maana ikitulia huganda ikawa bonge, isinyweke.

Parmuat alifanya yote sawasawa mpaka kwenye samadi. Aliogopa kumpoteza Mugie, basi akaweka kibuyu chini, akaibandua samadi aone kama damu imekoma. Ilikuwa imekoma. Kwa kuibandua, ikaanza tena. Akabandika, akangoja kidogo, akabandua, akapangusa kwa kiganja apate kuona vizuri. Aliendelea hivyo mpaka miguu ya Mugie ikatetemeka na maksai akapiga magoti.

Mama yake Parmuat akaja kuchukua kinywaji cha mkwewe. Aliinamisha kibuyu, hakikutoka kitu.

"Yeyo, ng'ombe huyu ana ugonjwa," Parmuat alimwambia mama yake. "Damu yake haigandi."

Mama akamsogezea kibuyu. "Tia kidole."

Akatia. Ndani mlikuwa na bonge zito kama ini.

"Hiyo damu ni ya nani?"

"Ya Mugie."

"Basi inaganda. Umemkoroga ng'ombe, mwanangu, ukasahau kibuyu."

Alibandika samadi mpya yeye mwenyewe, akamwamuru mwanawe akae chini na kuikalia mikono yake. Parmuat akaikalia, mtu mzima mwenye mke na mtoto, majirani wakimcheka, mpaka Mugie aliposimama na kwenda kutafuta maji. Lile bonge mama alilikatakata, akalipika kwa maziwa ya majirani, na Resiato akalishwa kidogo kidogo mpaka akaweza kuketi na kumpakata mwanawe.

Shingoni mwa Mugie, chini ya ngozi, palibaki uvimbe mgumu kama yai. Parmuat aliomba ruhusa aukamue. Mama akamkataza; mwili uliofunga mlango, alisema, unajua pia kuufungua. Uvimbe ukalainika, ukapungua, na asubuhi moja Parmuat alipapasa shingo ile asiupate. Damu iliyoganda ilikuwa imeyeyuka yenyewe, kazi ilipokwisha.

Koko Noolari akachukua kikombe chake. Timanoi alimgeukia dadake, akafungua kinywa aulize lilelile la jana. Akakifunga. Taratibu akaingiza mikono chini ya mapaja, akaikalia.

"Damu ikorogwayo haigandi," alisema, na dadake akamsogezea sukari.